Kadi ya Bima na Bingwa wa Damu: Mhadhara kwa Wanachama wa Mfuko



Jambo nililoitiwa kulizungumza jioni hii ni zito, nami nitalieleza taratibu, kwa kuwa wengi walioketi mbele yangu ni watu wenye kadi za bima mifukoni mwao, waliokatwa mishahara mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi bila ya kunung'unika, na ambao hawajapata bado, nami nawaombea wasipate, haja ya kujua kadi hiyo itawafikisha wapi siku daktari wa wilaya atakapowaambia kwamba damu yao ina kasoro ambayo yeye hana elimu ya kuitibu. Siku hiyo, na yale majuma machache yanayoifuata, ndiyo maudhui ya maneno yangu. Maradhi ya damu na ya saratani hayangoji, na mtu aliyeshikwa nayo hana nguvu wala utulivu wa kupiga hodi katika kila mlango akiuliza kama humo ndani yumo tabibu anayejua ugonjwa wake, na kama tabibu huyo hutibu kwa bima ya umma.

Hoja yangu nitaisema sasa, ili msikilizaji asije akaitafuta katikati ya maneno. Kazi ya kumtafuta bingwa huyo tumemtwika mgonjwa, ilhali Mfuko wa bima unaomlipia ndio wenye habari zote za mahali bingwa huyo alipo. Kila dai linaloletwa na hospitali ili lilipwe huwa na jina la tabibu aliyetibu, sifa yake ya elimu, maradhi aliyoyakuta na dawa aliyoitoa. Madai hayo huhesabiwa, hukaguliwa na kuhifadhiwa. Kwa hiyo hakuna hata mtu mmoja katika nchi hii awezaye kujua vizuri zaidi ya Mfuko ni kliniki ipi iliyotibu saratani ya damu mwezi uliopita, na ni duka lipi la dawa la hospitali lililotoa kidonge gani. Lakini mwanachama aliyechangia elimu hiyo kwa fedha zake ndiye anayeambiwa, "Nenda kaulize."

Yafaa tukumbushane tulikotoka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao watu wengi hupenda kuuita kwa herufi zake NHIF, uliundwa kwa sheria ya 1999 ukaanza kazi 2001, ukiwakusudia kwanza watumishi wa serikali. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, mwajiri naye hutia asilimia 3, na kwa michango hiyo huhifadhiwa mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Kando yake ukawako Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baada ya kuboreshwa kaya ya watu wasiozidi sita iliweza kuingia kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Nao ni msaada mkubwa kwa mkulima na mvuvi, walakini hifadhi yake hukoma katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na bingwa wa damu aghalabu haketi hapo, huketi mbele yake. Zingatieni jambo hilo, kwa sababu maana yake ni kwamba mvuvi wa Kilwa mwenye kadi halali isiyokwisha muda anaweza kusindikizwa na kadi yake mpaka kwenye ngazi moja kabla ya ngazi anayoihitaji, kisha akaachwa hapo. Kwa jumla, wenye bima ya aina yoyote walikuwa kadiri ya asilimia 15 tu ya watu wetu wakati Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwishoni mwa 2023, na sensa ya 2022 ilikuwa imetuhesabu kuwa zaidi ya milioni 61. Wapya wanaogunduliwa kuwa na saratani Tanzania hukadiriwa kupita 40,000 kwa mwaka.

Wako wanaodhani hata leo kwamba saratani, khasa ya damu na ya tezi zake, ni maradhi ya nchi za baridi yaliyotufikia juzi. Dhana hii haina msingi. Uvimbe wa taya unaowashika watoto wa ukanda wetu, ambao ni saratani ya tezi za limfu, ulielezwa na mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hapo Mulago, Kampala, na dunia nzima ya matabibu huuita kwa jina lake hadi leo. Jengo la Ocean Road pale Dar es Salaam, ambalo Wajerumani walilifungua kuwa hospitali mwaka 1897, lilifanywa Taasisi ya Saratani kamili kwa sheria ya 1996, yaani kabla hata Mfuko haujazaliwa. Wagonjwa walikuwako, na mahali pa kuwatibu palikuwako. Kilichochelewa ni kuviunganisha viwili hivi na mkoba wa mwananchi.

Sasa niwaeleze jinsi mambo yalivyo, kwa kuwa nimeona watu wenye akili timamu wakipoteza majuma kwa kutojua. Mtu huulizia daktari kwa jina, akaambiwa na shemeji yake kwamba yuko bingwa fulani hodari, akamtafuta kwa simu, akampata, kisha akamuuliza, "Daktari, unapokea bima?" Katika desturi ya nchi yetu swali hilo halijibiki, kwani mkataba wa bima hufungwa na hospitali, haufungwi na tabibu. Bingwa yule yule anayekutibu asubuhi kwa kadi yako katika hospitali ya umma huenda jioni akaketi katika zahanati ya mtu binafsi isiyokuwa na mkataba, na ukimfuata huko utalipa kwa fedha taslimu, bila ya yeye kukudhulumu hata kidogo. Basi aulizwe mwenye dirisha la bima la hospitali, aulizwe siku ya kliniki, na aulizwe bingwa huyo huwapo siku hiyo kweli au huja mara moja kwa mwezi.

Na hospitali zenyewe si nyingi. Kwa watu wazima wenye maradhi ya damu mlango mkuu ni Muhimbili, yenye kliniki yake ya damu, pamoja na Ocean Road. Watoto wenye saratani hupelekwa Muhimbili. Wenye vivimbe vinavyohitaji mionzi, kwa miaka mingi hawakuwa na pa kwenda ila Ocean Road, hata Bugando ya Mwanza ilipopata mashine zake na kuwapunguzia watu wa Kanda ya Ziwa safari ya siku mbili. Moshi kuna KCMC, iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Muhimbili ilipandikiza uloto kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2021, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata kwa watoto wenye selimundu. Haya ni mambo ya kumshukuru Mungu, na ya kuwashukuru walimu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wanaowafundisha mabingwa hao mmoja mmoja, kwa miaka mitatu au zaidi juu ya ile ya udaktari wa kawaida. Lakini tazameni ramani: Mtwara, Kigoma, Sumbawanga, Tanga. Mtu wa huko akiambiwa "muone bingwa wa damu" ameambiwa pia, ijapokuwa halikutamkwa, atafute nauli, atafute ndugu wa kumlaza mjini, na aombe ruhusa ya kazi asiyoijua mwisho wake.

Nitawasimulia habari ya mtu mmoja, kwa kuwa ndani yake yamo yote niyasemayo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya pwani, kijana bado, mwenye kadi ya bima tangu siku alipoajiriwa. Alianza kwa kuchoka na kutoka jasho usiku. Akatibiwa malaria, kisha akatibiwa homa ya matumbo, kisha malaria tena. Ubavu wake wa kushoto ukawa mgumu, suruali ikakataa kufunga, na jamaa zake wakasema ni bandama, akandwe. Miezi ilikwenda hivyo. Mganga mmoja kijana katika kituo cha afya, Mungu amjaalie kheri, ndiye aliyeomba picha kamili ya damu, na jibu liliporudi chembe nyeupe zilikuwa zimepita laki mbili, ilhali mtu mwenye siha huwa na baina ya elfu nne na elfu kumi na moja. Akaandikiwa rufaa, akaenda na dada yake mkubwa hadi hospitali kubwa ambayo sitaitaja, na hapo nami nilikuwapo nikimngojea mgonjwa wangu mwenyewe.

Dada mtu alikuwa amebeba vyeti vyote ndani ya mfuko wa plastiki, kila karatasi imekunjwa mara nne, na alivifungua kimoja kimoja juu ya ubao wa dirisha kana kwamba anahesabu mahari. Binti aliyekuwa ndani alimwamkia kwa adabu, akaitia kadi katika mashine, akangoja, kisha akasema, "Mama, kadi inasoma. Kipimo hiki ndicho hakimo." Dada akauliza, "Hakimo wapi, mwanangu?" Akajibiwa kwamba hakimo katika vile ambavyo hospitali ile hutoa kwa bima; huenda kikapatikana kwingine; alipoulizwa kwingine ni wapi, binti alitikisa kichwa, kwa sababu kwa hakika hakujua. Sikumwona binti yule kuwa na kosa. Alikuwa amepewa mashine ya kusema kadi ni hai, hakupewa karatasi ya kusema huduma iko wapi. Wakaondoka, na juma zima likapita kabla ya mtu mwingine, muuguzi aliyekuwa akistaafu, kuwaelekeza njia.

Kwa nini juma hilo lilikuwa na uzito? Kwa sababu ugonjwa wa mwalimu yule ulikuwa ile saratani ya damu iendayo polepole, itokanayo na vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana mahali. Alama yake iligunduliwa mwaka 1960 Philadelphia, na dawa yake, imatinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni kidonge. Mgonjwa hakimezi kwa juma moja, hukimeza kila siku kwa miaka, lakini akikimeza huweza kurudi shuleni akafundisha, akaoa, akalea. Kabla ya kidonge hicho watu wa maradhi hayo waliishi miaka michache, kisha ugonjwa ukageuka mkali ukawaondoa. Na kidonge hicho kimekuwapo hapa kwetu muda mrefu: wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakikipata Ocean Road bila ya malipo kwa mpango wa hisani wa Max Foundation, sharti lake kubwa likiwa kuthibitishwa kwa kipimo cha kromosomu ile, yaani kile kipimo ambacho kule dirishani kilikuwa "hakimo". Dawa ilikuwapo mjini, bingwa alikuwapo mjini, kadi ilikuwa hai, na mgonjwa alikuwa amesimama katikati ya mji huo huo hajui aelekee upande gani.

Hapo ndipo nilipojifunza kuwanasihi watu waulizie dawa na kipimo mapema kama wanavyoulizia bingwa. Tabibu wa saratani asiye na dawa atakupokea kwa upole, atakueleza ugonjwa wako kwa ufasaha, kisha atakuandikia cheti uende ukatafute dukani. Dawa nyingine za saratani zimo katika kitita cha mafao lakini hutaka idhini ya Mfuko kabla ya kutolewa, na idhini hiyo hudai jibu la kinyama au la uloto, barua ya bingwa, na muda. Asiyejua hukaa akingoja siku ya kliniki, ndipo aanze kuomba idhini; ajuaye huomba vipimo vikamilike huko huko mkoani iwezekanapo, akafika kwa bingwa akiwa na jibu la maabara mkononi, na nakala yake nyumbani. Nakala, ndugu zangu! Nimeona faili likipotea na kinyama kikachukuliwa upya, mgonjwa akarudishwa nyuma mwezi mzima kwa karatasi moja.

Kuna waliofikiri kwamba hospitali za binafsi zitaziba pengo hili, na kwa kweli kwa baadhi ya watu wa mijini zimeliziba. Walakini mwezi wa Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wa NHIF kwa kutoridhika na bei za kitita kipya, na mazungumzo yakafanyika, na huduma zikarejea. Siingii katika hukumu ya nani alikuwa na haki katika bei zile. Mwenye hospitali hununua dawa kwa fedha, na Mfuko nao hauwezi kulipa kila kinachotajwa na muuzaji. Ninalotaka mlione ni hali ya mgonjwa aliyekuwa katikati ya mizunguko ya tibakemia siku hiyo. Mizunguko hiyo hupangwa kwa majuma. Kuikatiza ni kuupa ugonjwa nafasi. Mkataba wa bima na hospitali yoyote inayotibu saratani ungepasa kuwa na sharti lisemalo kwamba, pakitokea mzozo wa bei, aliyekwisha kuanza matibabu atamaliza kwa bei ya zamani, na wakubwa waendelee kujadiliana mezani. Sioni kwa nini sharti hilo liwe gumu kuandikwa.

Wenzetu wa Kenya nao wamo katika safari hii. Mfuko wao wa zamani, uliokuwapo tangu 1966, ulifungwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua nafasi yake, kila mwenye kipato akichangia asilimia 2.75. Mtu wa Mombasa leo hana haja ya kupanda hadi Nairobi kwa ajili ya mionzi, kwani hospitali kuu ya Pwani inayo mashine, na Nakuru na Garissa vilevile. Lakini hifadhi ya saratani iliwekewa ukomo wa fedha kwa kaya kwa mwaka, na wagonjwa wa huko husema kwamba ukomo huo hufikiwa kabla mwaka haujakwisha. Njia yao na yetu zinatofautiana, lakini swali la mgonjwa dirishani ni lile lile.

Nisiwasahau wenye maradhi ya damu yasiyo saratani, ambao hutibiwa na bingwa yule yule na hukaa katika benchi lile lile. Kila mwaka huzaliwa Tanzania watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Dawa inayowapunguzia maumivu na kulazwa, hydroxyurea, nayo asili yake ni dawa ya saratani, na kwa hiyo mara nyingi hupatikana pale alipo bingwa, na alipokosekana bingwa nayo hukosekana. Mzazi mwenye kadi humlea mtoto huyo kwa bima tangu akiwa mchanga. Mtoto hukua, husoma, hufikia umri ambao hawezi tena kuhesabiwa kuwa tegemezi katika kadi ya mzazi, na siku hiyo, akiwa bado hana kazi, anaachwa na bima katika umri ambao ugonjwa wake haujamwacha. Kijana wa namna hii nimemsikia akimwambia mama yake kwamba afadhali angebaki mtoto. Mama hakujibu, alimfunga vizuri shuka mabegani, kwani alikuwa na homa. Ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikitekelezwa kikamilifu, tatizo hili lapasa kuondoka. Lakini utekelezaji huenda kwa hatua, na seli za kijana huyo hazijui hatua. Basi iwekwe kanuni moja ya mpito, kwamba aliyesajiliwa katika kliniki ya selimundu au ya saratani asitolewe katika kadi ya mzazi mpaka awe na kadi yake mwenyewe mkononi.

Na asiye na kadi kabisa asikate tamaa, wala asikubali kurudishwa na mlinzi wa getini. Sera yetu ya afya imeihesabu saratani, pamoja na selimundu, miongoni mwa maradhi ya kudumu yanayostahiki msamaha wa malipo kwa asiye na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoshughulika na jambo hilo, na barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa hurahisisha. Aichukue barua hiyo kabla ya kusafiri. Kuitafuta ukiwa Dar es Salaam, ilhali mtendaji yuko Lindi, ni adhabu juu ya maradhi.

Nimesikia miongoni mwenu wamo wajumbe wa bodi za hospitali za wilaya, na yupo bwana mmoja afisa wa Mfuko katika mkoa huu aliyekubali kuja kusikiliza, nami namshukuru kwa moyo wangu wote. Kwao nina ombi. Barua ya rufaa tunayoiandika leo husema jina la mgonjwa, ugonjwa unaodhaniwa, na jina la hospitali anakopelekwa. Iongezwe mistari minne: kliniki gani na siku gani; kipimo kilichobaki hufanyika kwa bima katika maabara ipi; dawa inayotarajiwa iko katika duka la hospitali hiyo au haiko; na nambari ya simu ya afisa wa bima atakayempokea. Habari hizo Mfuko unazo katika madai unayoyalipa, na zingeweza kutumwa wilayani kila mwanzo wa mwezi katika ukurasa mmoja, ukabandikwa ndani ya chumba cha daktari na ndani ya dirisha la bima. Jambo hili halitaki sheria mpya wala jengo jipya. Lataka karani mmoja Dodoma wa kuuandaa ukurasa huo, na mganga mmoja wilayani wa kuusoma kabla ya kutia sahihi. Bodi ya hospitali yenu hukutana kila robo ya mwaka. Kikao kijacho kikiliingiza jambo hili katika ajenda, mimi niko tayari kuja na rasimu ya barua hiyo, na kuketi nanyi mpaka iishe.